Mbwa wa Masimba hadi Soweto: shajara ya mradi, Juni mpaka Septemba 2025

Jumamosi 14 Juni

Naanza kuandika juu leo mtunza hazina wa kikundi chetu cha kuokoa mbwa hapa Kayole, Nairobi, ametuuliza mbele ya wote ile elfu nane ya mwezi wa tano ilienda wapi na hakuna aliyekuwa na jibu. Si ati iliibiwa. Ilikuliwa na mbwa, mbwa wenyewe wa miguu minne. Lakini ukimwambia mtu amekutumia soo tano kwamba imeliwa na mbwa atacheka halafu hatatuma tena. Kwa hivyo kila kitu kitaandikwa hapa, kizuri na kibaya, na mimi ndo nimeachiwa kalamu juu nina duka la M-Pesa na watu wanaamini mtu wa M-Pesa lazima ajue kuandika.

Tulipo sai: mbwa 19 kwenye kiwanja cha mabati tumekodisha Mihang'o, salio 11,340, deni kwa daktari wa mifugo 6,500. Tuko watu wanne, kila mtu na kazi yake: mimi, mtunza hazina ambaye anashona yunifomu, jamaa wa boda, na kijana wa kuosha magari.

Chakula ni sufuria mbili kubwa za ugali laini na mapafu kila siku. Mapafu unafaa kufika bucha saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu wa supu hajayachukua. Omena bei ikishuka. Jirani alichungulia sufuria akauliza mbona tunanyima mbwa kitunguu na chumvi, nikamweleza kitunguu kinaua damu ya mbwa, akaniangalia kama mtu nimeanza kupotea.

Sasa shida yenyewe. Tangu Januari tumeokota mbwa zaidi ya 40 hapa Kayole, wengine tumewapatia watu, wengine wamekufa, 19 wako ndani. Na ukienda steji ya Masimba leo utapata mbwa ni wale wale kwa idadi. Kila tukitoa mmoja, wiki mbili hazipiti kuna mwingine amelala pale pale kando ya mama wa mahindi choma kama amepewa zamu. Daktari wetu alikuwa anatuambia hii maneno tangu mwanzo, ati mahali pakiwa na takataka ya kula na hakuna mbwa, mbwa watakuja, na hao wanaokuja hujui wametoka wapi na hawana chanjo. Sisi tulikuwa tunamsikiliza na sikio moja juu kuokota mbwa mgonjwa na kumpiga picha kunaleta pesa, kuchanja mbwa mzima hakuleti.

Basi tumekubaliana. Kuanzia steji ya Masimba hadi Soweto, zote hapa Kayole, tunachanja mbwa na kuwafunga kizazi wakiwa hapo hapo wanapoishi. Lengo ni asilimia 70 kufika 28 Septemba, ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Hiyo 70 si yetu, ndo kiwango madaktari husema ukifika, na urudie kila mwaka, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu kama 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote wameumwa na mbwa, 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Hapa kwetu mbwa wa kwanza mwenye kichaa aliandikishwa nje kidogo ya Nairobi mwaka wa 1912, na serikali ina mpango tangu 2014 wa kukimaliza kufika 2030. Sisi tunaomba tu tumalize steji mbili.

Alhamisi 19 Juni

Kuhesabu. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, baridi ya Juni, watu wawili kwa miguu na mmoja kwa boda. Lazima iwe mapema juu ikifika saa moja mbwa ameshaingia chini ya gari bovu au nyuma ya kibanda na hutamwona tena. Jumanne 61. Jumatano 74, nadhani bucha fulani walikuwa wametupa kitu. Leo 58. Mbwa hawakai laini kama abiria.

Kitu cha maana tumejifunza si hiyo namba. Kuna katoto ka miaka kama minane kalitufuata leo na yunifomu, tukiandika "koko mmoja, kahawia" kanasema hapana, huyo ni wetu, anaitwa Simba. Na huyo? Huyo pia ni wetu lakini analala kwa mama wa chapo. Tukaanza kuuliza kila geti. Zaidi ya nusu ya wale tulikuwa tunaita mbwa koko wana kwao kabisa, geti inafunguliwa asubuhi wanatoka kutafuta, jioni wanarudi kama watu wa Industrial Area. Wana jina, hawana chanjo. Na sisi kuna wengine tuliwabeba tukapeleka Mihang'o. Ina maana tuliiba mbwa za watu. Sitaki kufikiria sana.

Ukiongeza na wale hawatoki kwa ploti, tunakadiria 110. Asilimia 70 ni 77.

Yule wa hapo steji ambaye hana kwao kweli ni Makanga. Tumemwita hivyo juu anakimbia kando ya kila matatu ikiondoka, anabweka mara mbili, anarudi.

Jumatatu 7 Julai

Saba Saba, siku ya maandamano. Barabara za kuingia tao zimefungwa na polisi tangu alfajiri, hakuna matatu, hakuna kitu. Na ndo siku mtu aliamua kutuachia katoni ya mafuta ya kupika kwa geti ya Mihang'o. Keyateka wa kiwanja alinipigia saa kumi na mbili: madam, kuna kitu kinalia hapa.

Papi sita. Wiki sita au saba. Ukishawahi kunusa parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, husahau, ni damu na kitu kimeoza na utamu fulani ndani yake, unakusubiri kabla hujafungua katoni. Daktari anaishi upande wa Uthiru, angefika na nini? Kabete kwenye hospitali ya chuo hatungeweza kufika hata kwa boda. Akatuelekeza kwa simu. Tulikuwa na dripu moja imebaki na jirani mmoja ambaye ni nesi wa watu, akasema mbwa hajawahi lakini sindano ni sindano. Unavuta ngozi ya mgongo karibu na shingo, ukiachilia ikibaki imesimama kama hema ujue maji yameisha mwilini. Zote sita zilibaki zimesimama. Tukaweka maji chini ya ngozi, kidogo kidogo, chupa za soda zenye maji moto ndani ya soksi, blanketi ya mitumba.

Wa kwanza alienda saa tano. Wa pili saa tisa. Kalikuwa na kamoja keusi na ncha ya mkia nyeupe kama kamechovya kwa rangi, daktari akasema nikapake sukari kwa ufizi, nikapaka na kidole, kakanyonya kidole, kwa nguvu kabisa, nikajua hako kamepona. Kalienda saa nne usiku. Bado nahisi yale meno madogo.

Watatu wako hai hadi sasa naandika.

Jumamosi 12 Julai

Watatu wanakula. Nashangaa.

Mbwa wakubwa wako sawa juu walikuwa na chanjo zote, hiyo ndo pesa pekee tulitumia na akili mwaka huu. Lakini kiwanja ndo basi. Hao wadudu wa parvo wanaweza kaa kwa udongo mwaka mzima, na udongo huwezi kuuosha. Tumemwaga Jik kwa saruji, kwa mabakuli, kwa gambuti, macho yanawasha hadi sai. Uamuzi: hakuna papi ataingia Mihang'o tena, na hakuna mbwa mpya kabisa mpaka tufike chini ya 15. Sai tuko 22.

Nilipotangaza kwa grupu moto ukawaka. Mama mmoja ambaye hutuma pesa kila mwezi, na namheshimu, aliandika "mnajiita waokoaji halafu mnakataa mbwa, sasa mnaokoa nini?" Nilianza kumjibu mara tatu nikifuta. Nikamtumia tu picha ya makaburi matatu. Si njia nzuri ya kujibu mtu, najua. Ameondoka kwa grupu. Hiyo ni 3,000 kwa mwezi imeenda.

Landilodi naye amesikia. Ametupatia hadi mwisho wa Septemba tuhame.

Jumamosi 26 Julai

Siku ya kwanza ya chanjo! Soweto, kando ya msikiti, meza moja, mwavuli mmoja, kulboksi na barafu. Mbwa 31.

Walioleta mbwa ni watoto. Watu wazima ni kama watano. Mbwa wamefungwa na kamba ya nguo, waya ya stima, mshipi wa baba, mmoja amebebwa kwa mkokoteni wa maji akiwa amekaa wima kama mjumbe. Watoto hawaogopi mbwa zao hata kidogo, ndo maana ni wao huumwa. Daktari alikuwa anawafundisha wakiwa kwa foleni: ukiumwa au ukikwaruzwa usifiche ati mama atakuchapa, kimbia kwa mfereji, sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, halafu hospitali. Aliwafanya waimbe hiyo dakika 15.

Mzee wa duka karibu na msikiti alikuja na mbwa nyuma yake, hakumfunga, hakumgusa. Kijana wetu akauliza kwa ujinga, mzee, si nyinyi hamtaki mbwa? Mzee akasema simgusi juu ya udhu wangu, lakini kiu yake naijua, hujasikia yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu maji ampe mbwa? Kila asubuhi anamjazia sufuria nzee hapo nje. Alisimama na kipande cha mkate mbele ya pua ya mbwa mpaka daktari akamaliza nyuma. Sijaona mtu ametusaidia vizuri hivyo na hata hakushika kamba.

Kosa letu (naongeza hii Jumatatu): tulifunga kila mbwa utepe wa njano shingoni ili asubuhi tukihesabu tujue nani amechanjwa. Jumapili asubuhi tukaenda kuhesabu, mbwa wenye utepe sita tu. Jumatatu nikaona wasichana wa darasa la tatu wanaenda shule na tepe za njano kwa mikono, wengine kwa nywele, wamependeza sana. Kuanzia sasa ni picha kwa simu, mbwa na geti ya kwao.

Mradi: 31. Salio 4,120. Deni la daktari sitaki kuandika leo.

Jumapili 10 Agosti

Leo imeharibika na pia Kenya imeshinda Morocco 1-0.

Makanga alikuwa ametukwepa Julai. Leo tulimpata, kamba shingoni, ametulia, jamaa wa boda amemshika huku daktari anavuta dawa. Hatukufikiria mpira. Karibu na hapo kuna kibanda kina tivi na watu kama mia wamejazana, na karibu hafu taimu goli likaingia. Nimeishi Kayole miaka 14 na sijasikia kelele kama hiyo, vuvuzela, sufuria, honi za boda zote mara moja. Makanga aliruka juu kama ameguswa na stima, jamaa akakaza kamba, akaumwa mkono. Matundu manne. Damu.

Pale kwa kaa-washi tulimwekea mkono chini ya mfereji na sabuni ya kipande, simu imewekwa dakika 15, na watu wanatuzunguka kila mtu na dawa yake. Mmoja anasema mafuta taa. Mmoja anasema choma na sarafu. Jamaa mwenyewe akifika dakika ya tano anasema imetosha, anataka kuona hafu ya pili. Tulimshikilia.

Hospitali ya kwanza hawakuwa na chanjo. Ya pili, ya kibinafsi, 2,200 sindano moja, na atarudi siku ya 3, ya 7, na kuendelea. Hiyo pesa haikuwa kwa bajeti. Tunachanja mbwa wa mtaa mzima na wenyewe hatujawahi kuchanjwa, na daktari alikuwa ametuambia tangu mwanzo kila anayeshika mbwa achanjwe kabla. Hilo ni letu.

Halafu nikirudi steji nikapata vijana na mawe, wanataka kumaliza Makanga. Nikawaambia mkimuua sai hatutajua. Mbwa akiwa na kichaa na sumu imefika kwa mate, ndani ya siku kumi ataugua au afe mbele yetu. Akifika siku kumi akiwa mzima, hakuwa nayo siku alimuuma mtu. Mmoja akasema madam na akiwa nayo? Nikasema basi mtakuwa mmeona, na jamaa yetu anaendelea na sindano zake vyovyote vile. Wakaacha mawe, si kwa kunielewa, mpira ulikuwa unaisha. Makanga yuko kwa keji nyuma ya kaa-washi.

Jumamosi 16 Agosti

Siku ya pili ya chanjo, Masimba. Mbwa 14 tu. Chupa zetu hukaa kwa friji ya mama wa maziwa, na Alhamisi usiku token zake za stima ziliisha akiwa ameenda matanga Murang'a. Dawa inafaa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Tulipofungua Ijumaa jioni maziwa yalikuwa mtindi. Daktari alisimama na zile chupa kwa mkono muda mrefu kabla hajazitupa, dozi 20. Hakusema kitu. Akatoa 14 zilizokuwa kwa boksi lake.

Tumenunua token za elfu moja tukampa mama. Yeye alimwaga maziwa ya lita 30 na hajatudai.

Alhamisi 21 Agosti

Siku kumi ziliisha jana. Makanga amekula ugali sufuria nzima, tukamchanja, tukamwachilia saa mbili asubuhi, akakimbiza matatu ya Umoja hadi kona.

Kuna geti moja hapa ndani ina MBWA KALI kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko jina la kanisa jirani. Huyo mbwa kali nimemwona leo. Ni jike... hapana, ni dume, nilidhani jike kwa vile amekonda nyuma. Mnyororo wa kufungia geti, hatua tatu kila upande, nilihesabu. Ardhi pale imekuwa duara iliyong'aa kama sahani. Hakubweka. Alilala akatuangalia.

Kijana wetu alitaka twende stesheni siku hiyo hiyo, ako na Sura ya 360 kwa simu, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na ni kweli kumnyima mnyama chakula au kumtesa ni kosa hapa Kenya tangu wazazi wetu wakiwa watoto. Na kuna kesi lazima zifike huko, au kwa KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama kule Karen, ambao hiyo ndo kazi yao tangu 1910. Lakini nimeona vile inaendaga. Unaripoti, mwenye mbwa anaitwa, akirudi nyumbani hasira inaishia kwa mbwa, au mbwa anapotea usiku na hakuna kesi tena. Nikasema wacha kwanza tubishe hodi.

Baba mwenye nyumba ni mtu mzima, amestaafu, akatuletea viti. Tulikunywa chai. Hakuna mtu alitaja mbwa dakika ishirini. Halafu yeye mwenyewe akasema, huyo nilimfunga nikiibiwa betri ya gari 2020, nikawa nafikiria nitamfungua, halafu akawa mkali, sasa ninamwogopa. Alisema hivyo kabisa, ninamwogopa mbwa yangu. Basi tumekubaliana waya wa kuteleza, kutoka kwa ukuta hadi kwa mti wa mapera, mnyororo mwepesi una pete inatembea juu ya waya. Jamaa wa boda amefunga leo na mkono wake wa bandeji. Hatua kumi na moja. Mbwa alienda zake tatu akasimama, kama ukuta uko pale. Ilibidi mtu aweke nyama hatua ya nne.

Kuhasi amekataa kabisa. "Mwanaume mwenzangu, hapana." Hiyo tunasikia kila geti. Mama watakuletea jike haraka, juu ni wao huachiwa papi kwa mlango, lakini dume, utadhani umekuja kumhasi mwenye nyumba.

Kuleta mbwa kwa watu inaenda pole. Wanne wamepata kwao mwezi huu, mmoja amerudishwa. Sababu: "analia usiku". Alikuwa siku ya pili. Wote wanaopiga simu wanataka mbwa wa polisi, dume, mkubwa, anayeuma wezi na haumi watoto. Nikiwa naye huyo si ningekaa naye mimi.

Jumamosi 6 Septemba

Kufunga kizazi, majike 9, kwa darasa la chekechea tumepewa bure. Daktari na wanafunzi wawili wa udaktari wa mifugo kutoka Kabete. Meza ni dawati mbili zimeunganishwa na juu yake karatasi ya nailoni, ukutani kuna a e i o u.

Sikuwa najua mbwa akiwa kwa nusu kaputi anapoteza joto haraka hivyo. Kazi yangu ilikuwa hapo sakafuni, magazeti na blanketi, kuangalia ulimi usizibe, kugusa masikio kama yamepoa, kuhesabu pumzi. Kila akiamka mmoja anaamka kama mlevi wa mwisho wa mwezi, kichwa kwanza, miguu haijui. Kona ya sikio la kushoto inakatwa kidogo akiwa amelala, ndo mtu yeyote ajue huyu ameshafanyiwa. Jike anabeba siku kama 63, anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Piga mwenyewe hesabu ya hao 9.

Wanne kati yao hawakuwa wamechanjwa, tumechanja. Jumla sasa 50, pamoja na Makanga.

Mmoja alikuwa na ule uvimbe wa kuambukizana wakipandana, unatoka nyuma kama koliflawa na unavuja damu. Unatibika kabisa, sindano kila wiki kwa wiki nne hadi sita, na unanywea mbele ya macho yako. Tatizo si dawa, ni kurudi mara sita. Mwenyewe anauza viatu Gikomba, anatoka saa kumi usiku. Nimesema nitakuwa namchukua mbwa mimi.

Kola za kuzuia kulamba nyuzi ni ghali, tumekata ndoo za rangi za lita nne, tumetoboa, tumefunga na kamba ya kiatu. Usiku nikapigiwa simu na mama mmoja: mbwa amegonga kila kitu kwa nyumba na sasa amekwama chini ya kitanda, natoa ndoo? Mama usitoe ndoo. Amesema sawa, halafu nikasikia anamwambia mbwa, umesikia, daktari amekataa. Mimi si daktari.

Jumapili 14 Septemba

Mtu ameweka sumu jalalani, upande wa Soweto. Mbwa 7. Wanne walikuwa wetu wa chanjo, nimewalinganisha na picha mmoja mmoja. Mmoja ana sikio la kushoto limekatwa, nyuzi zake zingetolewa kesho.

Pia kunguru na paka. Watoto hucheza hapo. Tulizunguka na mtu wa nyumba kumi tukiambia kila ploti wafungie watoto na mbwa, tukafukia, glavu mbili mbili. Hatujui ni nani na siandiki tetesi.

Jumla inarudi 46.

Jumatano 24 Septemba

Siku kumi baadaye na jalalani kuna mbwa sita ambao hatujawahi kuona. Wamekuja kula. Hakuna hata mmoja kwenye picha zetu. Aliyeweka sumu alitaka mbwa wapungue, sasa ako na mbwa sita hawana chanjo badala ya wanne walio nayo.

Mihang'o: tumebaki na 14. Landilodi ameongeza mwezi mmoja, baada ya mtunza hazina kumshonea mtoto wake yunifomu. Sijui kama hiyo tunaandika kama matumizi.

Jumapili 28 Septemba

Leo tumechanja mbwa 27. Wanne kati ya wale wageni sita tumewapata kwa mkate na subira, wawili wamekataa. Baba wa MBWA KALI alikuja mwenyewe na mbwa wake kwa kamba, polepole, wote wawili wanaogopana. Jumla walio hai na chanjo: 73. Kwa lile kadirio letu la 110 hiyo ni asilimia 66.

Jumanne 30 Septemba

Kuhesabu kwa mwisho, jana na leo, kulinganisha na picha kwa simu. Sasa nieleze shida. Mbwa wa Kayole wote ni kahawia. Kahawia na kifua cheupe, kahawia na soksi nyeupe, kahawia na kahawia. Tunasimama saa kumi na moja na nusu na tochi, simu mbele ya uso wa mbwa, watu watatu wanabishana kama huyo ni Simba wa mama wa chapo au Simba mwingine. Tuna Simba 11 kwenye orodha.

Leo tumeona 64. Tuna uhakika na 40. Watano tumebishana mpaka tukachelewa kazi.

Ukiwaacha hao watano ni asilimia 62 na kidogo. Ukiwaweka ni 70, imepita nywele. Mtunza hazina anasema tuwaweke, kuna watu wa kutuma pesa wanasubiri namba na 70 ni namba ya kusomeka, na si uongo juu pengine ni wao kweli. Jamaa wa boda anasema mmoja ni wake kabisa, alimshika mwenyewe Julai, anajua lile kovu. Kijana amenyamaza.

Nimeandika 40. Jumamosi narudi na mkate kuangalia hao watano mchana, na saa nane nampeleka wa Gikomba sindano yake ya tano. Salio 1,870.